Jenereta, Shemeji na Pilau ya Idi

Aliyeiunda boti yetu hakupenda gesi. Jiko la ndani ni la umeme, birika ni la umeme, na maji ya kuoshea vyombo yanachemshwa kwenye tangi la umeme lililofichwa chini ya kitanda. Boti ikiwa gatini, mnachomeka waya wa nchi kavu na mambo yanakwenda. Mkishatia nanga katikati ya mto, shibe yenu iko mikononi mwa jenereta ya dizeli, silinda tatu, iliyofungiwa ndani ya sanduku la kumeza kelele chini ya sakafu ya sebule. Ikikataa kuwaka, mtakula mkate na tende.

Idi ile iliangukia Aprili. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Lamu kututembelea huku Maryland, na Baba Watoto alikuwa amemwahidi pilau juu ya maji. Mimi nilipendekeza tule tukiwa bado tumefungwa gatini, penye umeme wa uhakika. Mama aliangalia safu ya magari yaliyoegeshwa hatua chache kutoka kwenye boti, akauliza kama amepanda ndege mbili ili aje kula pilau kwenye maegesho. Hapo mjadala ulifungwa.

Sasa, boti huku hailazwi kwa uvivu. Sehemu za Ghuba ya Chesapeake zenye maji yasiyo na chumvi nyingi huganda msimu ukiwa mkali, na maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Yakiwa ndani ya injini, chuma ndicho kinachopasuka. Kwa hiyo ikifika Novemba fundi hubadilisha oili na filta, hujaza dizeli tangini ili unyevu usipate nafasi, halafu huinywesha mashine dawa ya rangi ya waridi inayozuia kuganda mpaka itoke kwa nyuma. Boti hufunikwa plastiki nyeupe na kubaki juu ya magogo hadi masika. Mwezi Machi watu wa Annapolis huwasha moto na kuchoma soksi zao, ishara kwamba wenye boti wameanza tena kuvaa viatu bila soksi. Mama alipoelezwa hilo alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini habari ya kulaza chombo hakuhitaji kuelezwa. Baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, na utotoni mwake kusi ilipochacha vyombo vilipandishwa bara, vikatiwa kalafati upya, vikapakwa shahamu na chokaa. Alichouliza ni kimoja tu: "Na fundi aliyekilaza yuko wapi?"

Fundi aliyeilaza alikuwa na foleni ya wateja hadi Mei. Badala yake alikuwepo shemeji, mdogo wake Baba Watoto, dereva wa lori aliyeteremka kutoka New Jersey kwa ajili ya sikukuu. Shemeji anaijua dizeli. Nasema hivyo kwa haki yake, maana baadaye nitamsema. Tatizo ni kwamba lori lina rejeta, na jenereta ya boti hupozwa na maji yanayovutwa kutoka nje kupitia tundu lililotobolewa makusudi chini ya chombo. Lori likikataa kuwaka, unapiga stata hadi betri ilalamike, na hasara yako mara nyingi inaishia kwenye betri. Juu ya maji hesabu ni nyingine kabisa.

Shemeji alianza kwa kufanya usafi, jambo ambalo kwa mwanamume mgeni ni la kusifiwa. Alitoa matambara, chupa tupu za oili, mifuko, vikaratasi, vyote vikaenda pipani. Dakika chache baadaye Baba Watoto alifungua kifuniko cha pampu ya maji na kukuta pango tupu. Impela haipo. Impela ni gurudumu dogo la mpira lenye mabawa yanayosukuma maji, na mafundi wengi huitoa wakati wa kulaza boti ili mabawa yasikae yamekunjwa miezi mingi yakapinda moja kwa moja. Huifunga kwenye mfuko pamoja na barua, wakautundika kwenye koki ya maji, mahali ambapo asiyeona ni asiyetaka. Shemeji aliuona, akausafisha.

Aliyeuokoa ni Mama. Yeye hatupi mfuko uliofungwa fundo kabla ya kujua kilichomo, na mfuko ule aliutoa pipani bila kumwambia mtu, akauweka kwenye droo ya vijiko. Impela ilikuwa salama. Barua, kwa bahati mbaya, ilikuwa imelowa oili ya kwenye chupa za pipani. Mstari wa kwanza ulisomeka: impela imetolewa, usiwashe. Wa pili: koki imefungwa. Wa tatu uliyeyuka, likabaki neno moja, "tangi". Wote tukadhani ni tangi la dizeli, tukafurahi kwamba limejaa.

Impela ikapakwa sabuni ya kuoshea vyombo ili iteleze, ikaingizwa kwa kuzungushwa upande ule ule ambao pampu huzunguka. Koki ikafunguliwa. Betri zilikuwa zimechajiwa, oili ilikuwa kwenye alama, mkanda ulikuwa umekaza. Shemeji akapasha plagi za joto, akabonyeza stata. Mashine ikazunguka vizuri sana, bila kushika moto.

Akabonyeza tena. "Inakaribia," alisema. Wanaume wana sikio lao la kusikia mashine inayokaribia. Mimi sikusikia chochote zaidi ya betri ikichoka, na kwa kuwa nilikuwa nimeketi na kitabu cha mwongozo mapajani, nilisema kwamba kimeandika stata ipumzishwe kati ya jaribio na jaribio. Nikajibiwa kwamba vitabu vimeandikwa na mawakili. Akaendelea, huku Baba Watoto akimpa moyo kwa kutikisa kichwa.

Mama alikuwa ngazini na tasbihi yake, uso ameuelekeza tezi, kule ambako bomba la moshi la jenereta linatokea ubavuni. Akauliza kwa upole: "Haya maji mnayoyavuta, yanakwenda wapi?"

"Yanapoza injini, Mama," shemeji alisema.

"Sikuuliza kazi yake. Nimeuliza yanakwenda wapi. Nimekaa hapa muda wote, sijaona hata tone likitoka."

Baba Watoto aliganda. Akaruka chini ya sakafu, akaifunga koki kwa mikono miwili.

Swali lile liliokoa mashine yenye thamani ya maelfu ya dola. Kwenye boti, maji yaliyokwisha kupoza hupelekwa kwenye bomba la moshi, yakaangukia kwenye sailensa iliyo chini, na kutoka hapo husukumwa nje na nguvu ya moshi wenyewe. Mashine isiposhika moto hakuna moshi, na pasipo moshi hakuna cha kuyasukuma. Pampu nayo inazunguka kila stata inapozunguka, kwa hiyo kila ulipobonyeza uliongeza maji. Sailensa hujaa, maji yakapanda bomba, yakarudi kwa mlango wa nyuma hadi ndani ya silinda. Na maji hayakubali kubanwa. Pistoni ikipanda na kuyakuta, kinachopinda ni chuma, na kisipopinda, chumvi huanza kula humo ndani usiku ule ule. Baadhi ya jenereta zinazokufa masika haziuawi na baridi. Huzamishwa na wenye nazo wakijaribu kuziwasha.

Tulifungua kizibo cha chini ya sailensa. Maji ya waridi yakamiminika, beseni la kufulia likajaa, likabadilishwa. Dawa hii haina sumu kali kama ile ya rejeta za magari, lakini yadi haitaki kuiona mtoni, basi tukaimimina kwenye madumu. Maji hayakuwa yamefika kwenye silinda. Mama alisema alhamdulillahi, nasi tukaitikia, shemeji kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kilichokuwa kinakwamisha moto kilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Filta ya dizeli iliyobadilishwa Novemba ilikuwa na upepo. Hapa shemeji alirudi kwenye nchi yake. Alilegeza skrubu iliyo juu ya filta, akaweka kitambaa, akamwambia kaka yake awashe pampu ndogo ya mafuta. Povu likatoka, likatemea, likatoka tena, mpaka dizeli safi ikaja bila kiputo. Akakaza, akahamia kwenye pampu ya nozeli, akafanya vivyo hivyo, vidole vyake vikienda penye giza bila tochi. Ningekuwa mtu wa kutoa pongezi ningezitoa wakati ule.

Safari hii koki ilibaki imefungwa, Baba Watoto amelala kifudifudi, mkono juu ya mpini. Stata ikapigwa. Mashine ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Shemeji akanyanyua mikono yote miwili kushangilia, nayo ikazima pale pale.

Nikafungua kitabu, nikasoma kwa sauti. Swichi ya joto kwenye aina hii ina kazi mbili. Hupasha plagi, na pia huzuia kinga ya presha ya oili isizime mashine kabla presha haijapanda. Kwa hiyo mtu haachii kidole injini ikishika. Anashikilia sekunde chache zaidi, hadi oili ifike juu. "Ukurasa upi?" shemeji aliuliza. Nikamwonyesha. Hakusema lolote kuhusu mawakili.

Ikawaka, kidole kikabaki, koki ikafunguliwa hima. Tezi kukatoka mate ya waridi, kisha ya waridi hafifu, kisha maji meupe yanayoruka kwa mapigo. Sanduku likafungwa, kelele ikapungua. Shemeji akasikiliza, akasema hii inakimbia kuliko jenereta za nyumbani Lamu, na hakukosea: umeme wa Marekani ni wa hezi 60, kwa hiyo mashine ya aina hii huzunguka mara 1800 kwa dakika, na ya kwetu, ya hezi 50, huzunguka mara 1500.

Watoto walitaka kukaa kwenye jukwaa la kuogelea huko nyuma wayatazame maji yakiruka. Niliwakataza, na kwa hili sina mzaha. Mwaka 2000, kwenye Ziwa Powell, ndugu wawili wadogo walikufa kwa hewa ya kaboni monoksidi iliyotoka kwenye jenereta ya boti na kujikusanya chini ya jukwaa kama hilo. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Nilibonyeza kengele ya kuitambua iliyo karibu na vitanda, ikalia, ndipo tukafungua kamba.

Tulitia nanga Mto Rhode, kusini ya Annapolis. Mama akakamata jiko. Harufu ya bizari nzima na vitunguu vikiiva hadi rangi ya kahawia ilipita mitini, na watu wa boti ya jirani wakaanza kutupungia mkono bila sababu nyingine. Tulikula tukashiba. Shemeji, kwa ukarimu wa mtu aliyesamehewa, akasema ataosha vyombo, akaenda kwenye ubao wa swichi na kuwasha ya maji moto.

Ikasikika "tap", swichi ikajirudisha. Tangi halikuwa na tone la maji. Lilitengwa Novemba, kama matangi mengi ya maji moto yanavyotengwa, na waya wake wa joto ukiwashwa mkavu huungua kwa muda mfupi mno. Ndiyo iliyokuwa habari ya mstari wa tatu.

Shemeji akasimama mbele ya sufuria ya pilau na bomba la maji ya Aprili, ambayo hushika vidole mpaka mifupani. Birika la umeme lilikuwepo, jenereta ilikuwa inanguruma vizuri, nami nilikuwa nimeshanyanyuka kwenda kumchemshia. Mama akanitazama. Nikakaa.