Namna ya Kuchunga Rezo Bila Kujua Inakwenda Wapi

Umefungua kibanda cha Wi-Fi Rumonge, mahali pazuri, wapitapo wauza mawese, wachuuzi wa ndagala na wanafunzi wanaotoka shule. Hongera. Umelipia laini ya megabiti 10, umebandika karatasi ya bei mlangoni, na unauza nenosiri la saa moja moja. Kilichobaki ni kuisimamia rezo yenyewe. Mwongozo huu utakufundisha kuisimamia kwa namna ambayo haitakukosesha usingizi.

Anza na taa. Taa ya kijani ikiwaka, rezo iko. Isipowaka, kuranti imeenda. Kwa elimu hiyo peke yake watu wamezeeka katika kazi hii. Kwamba taa ile inasema tu kuwa kebo imechomekwa na kifaa cha upande wa pili kimeitika, na haisemi kama kuna hata baiti moja inayovuka mpaka kuelekea Dar es Salaam, hayo waachie wenye muda.

Kama ruta yako ni ya MikroTik, mafundi watakusumbua ufungue programu ya Winbox na kutazama ukurasa wa intafesi. Kubali mara moja, ili usionekane mkaidi. Utaona milango ya ruta imepangwa kama orodha ya madeni, na kila mlango una safu mbili za namba zinazorukaruka: Tx, yaani kinachotoka ruta kupitia mlango huo, na Rx, kinachoingia. Hapa ndipo raha ilipo. Video anayoishusha mteja wako huingia kwa Rx kwenye mlango unaotazama kampuni ya intaneti, kisha hutoka kwa Tx kwenye mlango unaotazama wateja. Mzigo ni ule ule, majina mawili. Basi ukitaka kumlalamikia aliyekuuzia laini, msomee Rx ya upande wa wateja, ambayo kwa kawaida huwa ndogo. Ukitaka kujisifu mbele ya jirani, msomee Tx ya mlango huo huo. Hutakuwa umesema uongo hata mara moja.

Usiguse kabisa habari ya biti na baiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 10 zako, hata zikifika zote na kupewa mtu mmoja, ni megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Mteja mwenye macho atakuja na simu mkononi:

"Kaka, si umeandika kumi? Mbona hapa naona moja na kitu?"

"Hiyo moja ni ya simu yako, dada. Kumi ziko hapa kwenye ruta."

Atanyamaza, kwa kuwa ruta iko juu ya kabati na hana ngazi.

Safu za pembeni, zile za makosa na pakiti zilizodondoshwa, zifiche kabisa, Winbox inaruhusu. Kuna moja inaitwa Rx FCS Error, nayo huhesabu pakiti zilizofika zimeharibika njiani. Ikipanda kila ukitazama, mara nyingi tatizo ni kebo: ile uliyoiunga kwa mkono, ukaizungushia selotepu na kuipitisha juu ya bati la jirani. Muuza mawese wa hapa akiletewa bido inayovuja huiona kabla haijateremshwa kwenye pikipiki. Wewe unaletewa bido zinazovuja maelfu kwa saa, na ruta inaziandika moja moja bila kuchoka, kwa hiyo ni adabu kutoisumbua kwa maswali.

Wateja wakilalamika utahitaji sababu, na sababu nzuri hupimwa kwa umbali. Usitaje Gitaza. Ni kweli mwaka 2015 udongo uliporomoka pale na kuikata barabara ya Bujumbura, lakini madereva wa Probox hupita huko kila asubuhi na watakuumbua kabla ya saa nne. Ziwa ni afadhali kidogo: mwaka 2024 Tanganyika ilipanda, maji yakaingia majumbani Gatumba na hapa Rumonge, na kila mtu anakumbuka. Ila ziwa nalo linaonekana ukisimama mlangoni. Sababu bora kuliko zote iko baharini. Burundi haina pwani. Ili ifike ulimwenguni, data yetu hupita kwa majirani hadi kwenye mikonga ya Bahari ya Hindi, na tarehe 12 Mei 2024 mikonga miwili, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Mikonga ilitengenezwa mwaka huo huo. Wewe itumie hadi leo. Hakuna mteja atakayepanda pikipiki kwenda Durban kuhakikisha.

Sasa onyo kubwa. Ndani ya ruta hiyo kuna chombo kinaitwa Torch. Ukikielekeza kwenye mlango wa wateja, kinakuonyesha anwani kwa anwani nani anakula nini sekunde hiyo hiyo. Usikifungue mchana, na usikifungue mbele za watu. Utagundua kwamba megabiti 6 kati ya 10 zinakwenda kwenye simu moja, kwamba simu hiyo hailipi hata faranga, na kwamba ni ya shemeji yako aliyeketi nyuma ya kibanda akitazama mpira. Fundi atakwambia dawa ni rahisi: mwekee foleni, asizidi megabiti 1. Fundi hakuoa kwenu. Foleni hiyo utaieleza mbele ya wazee Jumapili, na hakuna safu ya Winbox itakayokutetea.

Wapo wasiotosheka na namba za sasa hivi, wanataka historia. Balaa hili lina mwanzilishi anayejulikana. Mwaka 1994 Tobi Oetiker alikuwa chuoni Leicester, Uingereza, ambako kwenda nje walikuwa na laini moja ya kilobiti 64, yaani ndogo kuliko yako mara 156. Akaandika programu ya kuiuliza ruta kaunta zake kila baada ya dakika 5 na kuchora jibu kwenye grafu. Ndiyo MRTG, na karibu kila grafu unayoiona leo ni mjukuu wake.

Ubaya wa grafu ni kwamba inaweza kukuambia jambo. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa taa hawaingii ziwani, kwa sababu ndagala hawaifuati taa iliyozidiwa na mwezi. Wanaume wale wote wako nchi kavu usiku kucha, na simu zao. Je, kibanda hujaa siku hizo? Ungeweza kununua kasi ya ziada kwa juma moja tu kila mwezi? Mtaalamu wa Bujumbura hawezi hata kufikiria kuliuliza swali hili. Grafu ya miezi 3 ingelijibu, ndiyo maana ni busara usiwe nayo.

Na kama umeshaiweka, usikate tamaa. Kuranti itakuokoa. Ruta ikizimika, kaunta zake hurudi sifuri, lakini mara nyingi programu inayochora haijui habari za kukatika kwa umeme. Kaunta ya kizamani ya biti 32 huishia 4,294,967,295 kisha huanza upya, kwa hiyo programu nyingi zikiona namba imeshuka ghafla huamini kuwa kaunta imejaa na kuzunguka. Zinajumlisha baiti ambazo hazijawahi kupita popote, zinazigawa kwa sekunde 300, na kwenye laini yako ya megabiti 10 unaweza kusimama mnara wa hata zaidi ya megabiti 100.

Fundi atataka kuweka ukomo ili mnara huo ufutike. Mzuie. Uchapishe kwa rangi, ubandike mlangoni juu ya karatasi ya bei, na chini yake uandike: KASI HALISI, RUMONGE. Bei ya saa moja ipandishe kidogo.