Kila Mtu ni Daktari wa Kichwa

Mtu akisema tumbo linamuuma, huulizwa amekula nini. Akisema jino, huelekezwa kwa daktari wa meno. Lakini athubutu kusema kichwa kinamuuma, awe ofisini au ndani ya daladala, aone jopo la mabingwa linavyokaa bila kuitwa. Mwenye presha atasema hiyo ni presha. Aliyetoka kuugua malaria atasema ni malaria, tena imeshapanda kichwani. Mwenye miwani atasema ni macho, mwenye madeni atasema ni mawazo, na shangazi wa kiti cha dirishani, aliyekuwa kimya tangu kituo cha kwanza, atauliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani na mawifi. Kila mmoja anamgawia mgonjwa ugonjwa wake mwenyewe. Ninachosema ni kwamba hatuna upungufu wa dawa za kichwa wala wa wataalamu wa kichwa; tunachokosa ni kumbukumbu. Kichwa kinachouma mara kwa mara kina siku zake, saa zake na visababu vyake, na kalenda ya ukutani iliyotiwa alama chache za kalamu hukijua kuliko jopo zima la daladala.

Tuanze na mshtakiwa. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, ndiyo maana kuna upasuaji wa ubongo unaofanywa mgonjwa akiwa macho, akijibu maswali ya daktari. Kinachouma ni majirani zake: utando unaoufunika, mishipa ya damu, misuli ya kichwa na ya shingo. Kwa hiyo mtu akisema kichwa kinamuuma, ametoa taarifa isiyo na anwani. Maumivu yaliyoenea kuliko yote ni ya mkazo, yanayobana pande zote mbili bila kumzuia mtu kuendelea na kazi zake, ingawa yanamzuia kuzifurahia. Kipandauso ni habari nyingine. Mara nyingi hushika upande mmoja, hupiga kwa mapigo, huleta kichefuchefu, hufanya mwanga na kelele visivumilike, na kwa mtu mzima asiyepata dawa hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Huwapata wanawake karibu mara tatu kuliko wanaume, na pengine ndiyo sababu wanaume wengi wana hakika kwamba ni deko. Mwenye kipandauso hana bandeji, hana homa, hana jeraha la kumwonyesha bosi. Ana mlango uliofungwa na pazia lililoshushwa, na kwa bahati mbaya uvivu nao hutumia mlango uleule na pazia lilelile.

Sasa tuwahoji mabingwa. Malaria huumiza kichwa, hilo halina ubishi. Lakini kichwa peke yake hakithibitishi malaria, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limetaka kila anayeshukiwa kuwa nayo apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu la kidoleni na hutoa jibu ndani ya nusu saa, muda ambao jopo bado linabishana. Anayemeza dawa ya mseto ya malaria bila kupima, kumbe kichwa chake kilikuwa cha njaa, huenda akapona kabisa, maana dawa ya mseto hushauriwa kumezwa pamoja na chakula. Halafu atahubiri mtaa mzima kwamba ilikuwa malaria. Presha nayo imesingiziwa mno. Ikipanda ghafla kupita kiasi inaweza kuleta maumivu, lakini presha ya juu ya kila siku kwa kawaida haipigi hodi. Uchunguzi uliofuatilia maelfu ya watu nchini Norway haukukuta kwamba wenye presha ya juu waliumwa kichwa zaidi ya wenzao. Hapo kuna hatari kubwa kuliko kuumwa kichwa: anayesubiri kichwa kimwambie akapime presha anaweza kupata habari hiyo kutoka kwa kiharusi. Ama macho, kusoma kwa kulazimisha huchosha kweli, lakini kichwa kinachomwamsha mtu saa kumi usiku hakikuwa kinasoma.

Sasa kalenda nayo itoe ushahidi. Mtu anatia alama siku anayoumwa, anaandika saa, alichokula au alichoruka, alivyolala na dawa aliyomeza. Baada ya mwezi mmoja au miwili alama huanza kujipanga. Yupo ambaye alama zake zote zimeangukia Jumamosi. Wiki nzima huamka saa kumi na moja alfajiri awahi usafiri. Jumamosi analala hadi saa nne na kuikosa chai yake, na mwili uliozoea ratiba unagoma. Kipandauso hakipendi mabadiliko: kulala kidogo hukiamsha, na kulala kupita kiasi hukiamsha vilevile. Yupo ambaye alama zake zimejazana siku za mwanzo za Ramadhani. Kabla saumu haijalaumiwa, kahawa iulizwe. Aliyezoea vikombe vyake kila siku akikatisha ghafla, kichwa huanza kudai kati ya saa 12 na saa 24 baadaye. Dawa ni kuanza kupunguza kikombe kimoja kimoja tangu Shabani. Hata kashata husafishwa jina na kalenda. Saa kadhaa kabla ya kipandauso, wengine hupiga miayo, shingo hukaza, na hamu ya vitu vitamu hupanda. Mtu anatafuna kashata, kichwa kinaanza, kashata inahukumiwa, kumbe safari ilikuwa imeshaanza na kashata imedandia njiani.

Halafu yupo ambaye alama zake zinafuata siku za saluni. Mwangalie msusi akiwa kazini: amesimama nyuma ya kiti, kidole kimoja kimepakwa mafuta, anakusanya vinywele vya paji la uso ambavyo hata mwenyewe alikuwa hajui kama anavyo, anavivuta hadi nyusi zinapanda, na mteja anaondoka na uso wa mshangao utakaodumu siku tatu. Mlangoni anapewa na maelekezo: ukifika nyumbani meza vidonge viwili, zitazoea. Ngozi ya kichwa imejaa neva, na maumivu ya kuvutwa nywele yanatambuliwa rasmi katika orodha ya kimataifa ya maumivu ya kichwa. Kinga yake haiuzwi duka la dawa. Inahitaji mteja mwenye ujasiri wa kusema, “Dada, hapo legeza kidogo,” na ujasiri huo, kwa jinsi foleni za saluni zilivyo na wasusi wanavyojua kununa, ni adimu kuliko dawa yoyote.

Shahidi mgumu kuliko wote ni kidonge chenyewe. Dukani muuzaji huchukua mkasi uleule wa kufungulia pakiti za maziwa, anakata ukanda wa vidonge, viwili vinatua kiganjani pamoja na chenji, na jina la dawa pamoja na tarehe ya kwisha muda vinabaki dukani kwenye kipande kingine. Mmezaji hajui alichomeza. Huenda ni parasetamoli tupu; huenda ni mchanganyiko wa parasetamoli, aspirini na kafeini. Tofauti hiyo si ndogo. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au za mchanganyiko siku 10 au zaidi, akaendelea hivyo kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuanza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa yenyewe. Asubuhi kichwa kinadai, analipa. Jioni kinadai tena, na deni halipungui. Parasetamoli nayo ina mpaka: kwa mtu mzima mwenye afya, vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24 ndio mwisho, na kinachoumia mpaka huo ukivukwa ni ini. Wapo wanaouvuka bila kujua, kwa kumeza dawa ileile yenye majina mawili.

Hapo mtu atasimama kudai kwamba kidonge humsaidia, na kwamba kalenda haijawahi kumtuliza mtu maumivu. Yuko sawa kwa yote mawili. Simwambii mtu avumilie. Kwa kipandauso, kidonge hufanya kazi vizuri zaidi kikimezwa mapema, kuliko baada ya kushindana na maumivu mpaka jioni kwa ajili ya heshima. Ninachotaka ni vidonge vihesabiwe. Anayeumwa mara nyingi ana haki ya kuandikiwa dawa za kuzuia, zinazomezwa kila siku ili mashambulizi yapungue, na daktari hawezi kuamua hilo bila kujua mashambulizi ni mangapi kwa mwezi.

Mwingine atasema tuachane na vidonge, tuwarudie bibi zetu. Kwa hili bibi hana haja ya kutetewa. Ile kanga iliyokazwa kuzunguka paji la uso ina hoja: uchunguzi mdogo uliochapishwa mwaka 1993 uliona kwamba kufunga kichwa mkanda wa kubana kuliwapunguzia maumivu wengi wa wenye kipandauso walioshiriki. Tangawizi ilipimwa Iran kwa watu 100, matokeo yakachapishwa 2014, na unga wake ulikaribiana na dawa ya hospitali ya kipandauso. Mafuta ya mnanaa ya kupaka kwenye paji la uso yalijaribiwa Ujerumani katika miaka ya 1990 na kuonekana kutuliza maumivu ya mkazo. Maji, yanayoagizwa na kila mtu kwa kila kitu, yalipata alama za wastani: katika jaribio la Uholanzi, walioongeza lita moja na nusu kwa siku walisema hali yao ni nzuri zaidi, ila saa za kuumwa hazikupungua kwa uhakika. Lakini neno “asili” lisigeuzwe cheti cha usalama. Udi na ubani ni vya asili, na harufu kali ni miongoni mwa visababu maarufu vya kipandauso. Bibi mwenyewe alipima kabla ya kupaka, na aliyempaka alimfahamu.

Pingamizi zito ni la mama ntilie. Yeye hana chumba chenye pazia, hana mwajiri wa kumwomba ruhusa, na moshi na kelele ndiyo ofisi yake. Kweli, nusu ya ushauri wa vitabuni haumfikii. Lakini ndiye atakayefaidika zaidi akijua kisababu kimoja tu anachokimudu. Saa tano ameshapakulia foleni nzima, na sahani yake mwenyewe inasubiri hadi saa tisa. Kama alama zake zote ziko alasiri, tiba ni kula kabla ya wateja, na chakula anacho tayari.

Kuna vichwa visivyosubiri kalenda. Maumivu makali yanayolipuka ghafla, au yanayokuja na homa na shingo ngumu, degedege au ulegevu wa upande mmoja wa mwili, au yanayofuata kuanguka, ni ya hospitali, leo hii. Vivyo hivyo mjamzito anayeumwa sana huku macho yakiona ukungu, na aliyevuka miaka 50 akapata aina mpya ya maumivu. Na nyumba nzima ikiamka inaumwa kichwa wakati jiko la mkaa lilikuwa limelala nao chumbani, watoke nje kwanza wote, wakatibiwe, na jiko lisirudi ndani. Hewa ya mkaa huua bila harufu ya kuonya.

Vichwa vilivyobaki, ambavyo ndivyo vingi, vinakwenda kliniki siku moja vikiwa vimechoka. Daktari atauliza kichwa kinauma mara ngapi. Anayejibu “mara kwa mara” ataondoka na vidonge vingine viwili viwili kutwa mara tatu. Anayeing'oa kalenda ukutani, akaenda nayo ilivyo, na picha yake ya maporomoko na matangazo ya duka la vifaa vya ujenzi, atachekwa mapokezi, kisha atatibiwa ugonjwa wake mwenyewe.