Gurudumu la Shemeji

Wewe mwenye shemeji wa kuishi naye, huhitaji maelezo marefu. Wa kwangu tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi. Pasi ilikufa wiki iliyofuata, cheo kikabaki.

Umeme ulituishia katikati ya mechi, nami nikanong'ona kuhusu watu wanaolala na taa ya uani. Injinia akasikia. Akatangaza kwamba anaunda gurudumu la kujizungusha lenyewe milele, umeme wa bure. Mke wangu, Mama Zuhura, akanigeukia: "Umeona? Kwetu watu wana vichwa."

Ringi ya baiskeli yangu ikang'olewa. Akaifungia vipande vya bomba vilivyopinda, kila kimoja na gololi ndani, mali ya mwanangu Kichuna. Upande unaoshuka, gololi zikimbilie nje zivute; upande unaopanda, zirudi karibu na ekseli. Ukilitazama unaamini kabisa, na Bhaskara wa India aliliwaza la jamii hiyo tangu karne ya 12. Ila upande unaopanda huwa na gololi nyingi zaidi, hivyo pande zote zinatoshana nguvu, na beringi nayo inakula mwendo. Likazunguka, likasita, likarudi nyuma kidogo, likatulia. Injinia akalaumu grisi. Mafuta ya nywele ya mama mkwe yakaishia kwenye beringi, lawama nikapewa mimi.

Nikajaribu elimu: Akademia ya Sayansi ya Paris ilikataa kupokea mashine za namna hiyo tangu 1775. Mama mkwe akauliza kama hao wa Paris ndio watakaotununulia umeme.

Jumapili, mbele ya majirani, gurudumu likazunguka. Likazunguka mpaka chai ikapoa. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mimi nikaona uzi mwembamba wa kushonea unatoka kwenye ekseli, unapenya chini ya mlango wa stoo. Nikakumbuka: huko Ujerumani, gurudumu la namna hiyo la bwana mmoja, Bessler, lilistaajabisha watu karne ya 18, mpaka mjakazi wake akadai lilikuwa likizungushwa kwa mkono kutoka chumba cha pili. Stoo nikamkuta Kichuna anatoka jasho, uzi mkononi, chipsi mayai pembeni. Kaajiriwa na mama yake, mjomba asiaibike. Mshahara umetoka mfuko wa shati langu.

Nikafunga mlango taratibu, nikaenda kupiga makofi na wenzangu. Ungefanya nini?

Sasa Injinia anaulizia mota ya feni ya sebuleni. Mwenye chumba cha kupangisha, hata kama ni mbali, tafadhali anijulishe. Kodi nitalipa mimi.