Gambuti Moja Barazani

Pasaka nilipanda Bungu kulala tu. Mjomba, mweka hazina wa kikoba, akanipokea mlangoni na printa ya kuazima mkononi. "Mjomba, si wewe ndiye umesoma kompyuta? Jumapili nataka kila mwanachama apate karatasi ya hisa zake."

Nikaandika skripti ya Bash, mistari 94. Kuiwasha tu, printa ikatema karatasi yenye jina la kikoba peke yake, kisha kompyuta ikalalamika: mstari wa 88, faili limeisha na alama ya kufunga nukuu haijaonekana. Chini yake kosa jingine, mstari wa 95. Wa 95, kwenye faili la mistari 94! Yaani mwizi anakaa nyumba ya pili ukishakimaliza kijiji.

Nikaukagua ule wa 88. Msafi kama sahani ya mgeni. Nikaufuta kabisa; lawama zikahamia wa 86. Na kila nikijaribu, karatasi nyingine, kwa sababu Bash haisubiri kusoma faili zima: husoma amri, huitenda, ndipo hugeukia inayofuata. Kufika saa tatu usiku tulikuwa na vichwa 17 na mwanachama hata mmoja hakuna.

Bibi alikuwa anaota moto. "Mume wangu, huyo anayelia ndiye mwizi?"

Akanikumbusha arobaini moja ya siku ya mvua. Gambuti zilipangwa safu barazani, nyeusi tupu. Mbwa akaondoka na moja, kule mwanzoni mwa safu. Usiku, kwenye ukungu, kila aliyetoka akachomeka miguu kwenye mbili zilizofuatana, moja yake, moja ya jirani. Wa mwisho akakuta moja. Huyo alikuwa Mjomba, na alitaka wenye msiba wapekuliwe.

Basi nikaanzia juu. Mstari wa 11 nilifungua nukuu nikasahau kuifunga. Kuanzia hapo kila alama ya kufungua ikawa inafunga ya mwenziwe, mpaka ya mwisho ikakosa mwenza, ikapiga yowe. Brian Fox aliitoa Bash mwaka 1989, na hadi leo inamkamata aliyebaki na gambuti moja.

Jumapili karatasi ziligawiwa. Pesa mezani zikapungua shilingi 2,000. Mjomba akamkazia macho mama aliyechangia mwisho.

Bibi akakohoa, akatazama mlangoni. "Mbwa yuko wapi?"