Muulize Mjomba Spana: "Akipita Elfu Tano Ananisusia"

Shikamoo Mjomba. Nina mwenzangu, tumeishi miaka miwili. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela hana neno, mpole kabisa. Ila nikimtaka tukimbie, akipita elfu tano na mia tano anaanza kukohoa, pa-pa-pa-pa, kisha ananisusia. Ni Subaru Impreza. Mwaka jana nilimfungia turbo kubwa na kupandisha presha kutoka bar 0.9 hadi 1.3, na tangu hapo ndiyo hali hii. Fundi wa kwanza kaniuzia pampu ya mafuta, wa pili nozeli, wa tatu anataka tufumue injini. Nimwache? — Aliyechoka, Tabata.

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako niliisoma hadi katikati nikidhani ni ya shemeji, nikaanza kutafuta maneno ya suluhu. Afadhali ni gari. Gari halina wakwe.

Mafundi watatu, na hakuna aliyekuuliza plagi zina umri gani. Najua kwa nini. Kwenye injini hiyo silinda zimelala, mbili huku mbili kule, na plagi zinatazama fremu. Kuzifikia sharti uondoe betri upande mmoja na boksi la filta ya hewa upande wa pili, kisha uingize mkono usipoona na kuunganisha ekstensheni moja baada ya nyingine huku vifundo vya vidole vikichubuka. Kukuuzia pampu ni rahisi zaidi.

Mitaani husemwa turbo "inapuliza" cheche ikazimika, kama upepo na kibatari. Sivyo hasa. Cheche inaruka mwanya mdogo kwenye ncha ya plagi, na mwanya huo umejaa hewa. Hewa ikiwa nyepesi, umeme unapita kama abiria wa daladala Jumapili asubuhi: anapanda mlango wa mbele, anashuka wa nyuma. Wewe umeishindilia hewa hiyo mpaka imekuwa daladala ya saa kumi na mbili jioni. Abiria yuleyule, mlango uleule, lakini sasa anahitaji nguvu nyingi zaidi kupenya. Koili ikikosa nguvu hizo, mafuta yanatoka bila kuwaka, nawe unasikia pa-pa-pa.

Halafu kuna mwendo. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda inadai cheche 50 kwa sekunde. Koili inapewa milisekunde 20 tu kati ya cheche moja na nyingine. Koili nzima inatosheka. Iliyozeeka, iliyopikwa na joto la boneti au inayolishwa na alteneta dhaifu haitosheki, na presha ikiongezeka juu ya hapo, inainua mikono.

Basi chomoa plagi. Pima mwanya kwa fila geji. Ukikuta 0.8 mm au zaidi, usitafute mchawi. Weka mpya zenye mwanya wa 0.7, gari likiendelea kumisi, shuka hadi 0.6. Usishuke sana, maana litaanza kutetemeka likiwa limesimama. Chagua plagi baridi kidogo kuliko za kiwandani, na uwe macho: kwa NGK na Denso namba kubwa ni baridi, kwa Bosch namba kubwa ni moto. Nimeona mtu mzima akiagiza kinyume, na kwa kujiamini.

Kabla hujazitupa za zamani, zitazame juani. Kwenye kauri nyeupe ukiona mstari mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa penseli, hapo umeme umekuwa ukitoroka kwa njia ya pembeni, na mpira wa koili ya silinda hiyo nao una mstari wake. Ukikuta oili ndani ya tundu la plagi, sili zimechoka. Mashine ya kusoma hitilafu ikisema P0303, hamisha koili ya tatu uiweke ya kwanza. Kosa likigeuka kuwa P0301, mgonjwa ni koili. Kazi ya dakika chache, bila kununua chochote.

Yote yakishindikana, rudisha presha bar 0.9 upime kwenye mizunguko ileile. Kukohoa kukiisha, bado ni upande wa cheche au wa mafuta. Kukibaki palepale bila kujali presha, hapo ndipo nitakubali kuzungumzia springi za valvu na sensa ya krenki. Upime kwenye mashine ya kupimia nguvu. Mandela saa moja jioni si maabara. Usimwache.

Mjomba, gari langu linamisi juu, na geji ya hewa na mafuta inaruka hadi 16, yaani mafuta ni haba. Nimeongeza mafuta, likazidi kumisi. Nimeongeza tena. Sasa moshi ni mweusi na majirani wamelalamika. — Mtii wa Geji, Kimara.

Majirani wana haki. Mpwa, sensa ile hainusi petroli, inanusa oksijeni. Silinda isipowaka, hewa yake yote inatoka ikiwa haijatumika, sensa inaikuta kwenye ekzosi na kupiga yowe kwamba mafuta hayatoshi. Nawe unamwagia mafuta silinda ambayo tatizo lake ni kiberiti. Rudisha ulipoanzia, shughulikia cheche, kisha usome geji upya.

Ila usidhani nasema geji ni mwongo siku zote. Mafuta haba ya kweli chini ya turbo yanatoboa pistoni. Funga geji ya presha ya mafuta: kama kawaida ni bar 3, turbo ikisukuma bar 1 lazima usome 4. Ukiona 3 na inashuka, toa mguu papo hapo. Hapo hata yule fundi wa pampu wa Tabata angekuwa sahihi.

Shikamoo. Mbeya gari langu linapaa. Nimeteremka nalo Kitonga hadi Dar, geji ya turbo inasoma bar 1 ileile, lakini linakohoa. Nimerogwa? — Mgeni wa Jiji.

Hujarogwa, umeshuka mlima. Geji yako inahesabu ziada juu ya hewa ya mahali ulipo. Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ni kama bar 0.83, ukiongeza 1 unapata 1.83. Dar unaanzia 1.01, unafika 2.01. Silinda imeshindiliwa kwa karibu asilimia kumi zaidi, na plagi zako zilikuwa zinapumulia mashine huko huko kwenu. Punguza mwanya, au punguza presha mpaka urudi.

Nimefunga valvu inayotoa "pshhh" nje. Nikibadili gia gari linajikwaa na ekzosi inalipuka. — Bingwa, Sinza.

Ile hewa unayoitupa barabarani, sensa ilishaihesabu na kompyuta imeshaimwagia petroli yake. Rudisha bomba liingie ndani. Hiyo pshhh piga kwa mdomo.

Mjomba, kwenye simu ya mume wangu nimekuta ujumbe: "Iridiamu zimefika, njoo usiku kabla hazijachukuliwa." Huyu Iridiamu ni nani, na wako wangapi? — Mama Watoto, Mbagala.

Mwanangu, tulia. Ni madini magumu yanayoyeyuka kwenye nyuzijoto 2,400 na ushee, na huwekwa kwenye ncha ya plagi, nyembamba kama sindano. Mwambie azinunue mchana, kwani za bandia huuzwa gizani. Mwombe risiti. Kama gari lake lina silinda nne, ziwe nne. Ukikuta ya tano, niandikie tena.