Pigeni Honi Kwanza

Bibi mmoja wa Kizungu, mwenye kofia ya pama na mbwa wawili nyuma ya pikapu, amenifundisha kusoma kalenda. Amenifundisha mbele ya shemeji yangu, mbele ya mzigo wangu wa kuni, asubuhi, kabla sijapiga mswaki. Tena kwa adabu zote, na hapo ndipo paniumapo hadi leo. Angetukana ningejua pa kumjibia.

"Leo ni tarehe ngapi, mwanangu?"

Yeye alikuwa upande wa nje wa geti, sisi upande wa ndani. Kati yetu bomba nene la chuma, limepakwa rangi ya njano, na mnyororo.

Ukiishi Boise, jimbo la Idaho, kuni haziokotwi hivi hivi. Unalipia kibali, unapewa vikaratasi vya kubana kwenye mzigo ili mwenye msitu ajue umebeba kiasi gani, kisha unaambiwa uwe na ramani. Ramani ni bure, na bure yake utaiona. Tangu kanuni ya mwaka 2005, kila msitu wa taifa Marekani hutoa ramani ya barabara ambazo magari yanaruhusiwa kupita. Ni nyeusi na nyeupe, haioneshi mlima wala bonde, na pembeni ina majedwali ya herufi ndogo: namba ya barabara, aina ya gari, tarehe. Barabara zenyewe katika misitu hiyo, nchi nzima, zinakaribia kilomita 600,000. Bango la njiani likianguka, likiibwa, likitobolewa na risasi za vijana, hakuna neno. Jedwali ndilo sheria, na kujua kilichomo ni kazi ya dereva.

Kwenye jedwali, barabara yetu iliandikwa 07/01–09/10.

Msomaji alikuwa shemeji. Shemeji ameendesha lori la mizigo Dar es Salaam hadi Lubumbashi, amelala mpakani Kasumbalesa kwenye foleni mpaka akajua majina ya watoto wa mama ntilie. Huwezi kumfundisha habari za njia. Akasoma kwa sauti: "Tarehe saba mwezi wa kwanza, mpaka tarehe tisa mwezi wa kumi. Shemeji, tuna muda tele." Na hivyo ndivyo inavyosomwa na kila mtu aliyezaliwa mahali ambapo siku ni ndogo kuliko mwezi na mwezi ni mdogo kuliko mwaka. Wamarekani wao hutanguliza mwezi: Julai mosi hadi Septemba 10. Mimi nilikuwa nimeshika usukani. Dereva hasomeshwi ramani.

Tukapita getini Septemba 10, jioni, geti wazi, limeegemea kando. Tukakata misonobari iliyokufa, tukapakia mpaka springi zikalalamika, giza likatukuta, tukalala garini. Asubuhi tulishuka hadi getini na kulikuta limefungwa. Hakuna karatasi, hakuna alama, hakuna hata kipande cha sigara cha kuonesha kwamba binadamu alifika pale.

Shemeji akashuka, akafunga vifungo vya shati, akaanza kumtafuta mtu. Kwetu geti ni mtu. Geti la maliasili, ukiliondoa gogo na kamba, kinachobaki ni kijana kwenye benchi chini ya mwembe, ana redio, ana njaa, ana mjomba mnayefahamiana. Unasalimia, unaulizwa risiti, unatoa maelezo, unasikitika, anasikitika, kamba inashuka. Shemeji akazunguka lile geti, akachungulia kichakani, kisha akasimama katikati ya barabara na kupaza sauti: "Hodi!"

Alikuwa anapiga hodi kutokea ndani.

Basi tukawa na muda wa kulitazama, na lazima niseme, hasira zote pembeni, lile geti limefikiriwa. Halikuwekwa mahali popote tu. Limewekwa pale mlima unapobana barabara, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde, na pale palipobaki upenyo wamebingirisha mawe makubwa kuliko friji. Mageti ya kuogopwa zaidi yana sanduku la chuma lililochomelewa, wazi upande wa chini tu. Kufuli liko juu humo ndani. Mkasi wa kukatia vyuma hauingii, nyundo haifiki. Mwenye ufunguo mwenyewe anapenyeza mkono kwa chini na kupapasa bila kuona, akiomba nyigu wasiwe wamejenga humo, na hupenda sana kujenga humo. Letu lilikuwa aina ya pili, ya mnyororo. Ncha za mnyororo hazikuunganishwa na kufuli moja bali makufuli yaliyoshikana yenyewe kwa yenyewe, la kwanza ndani ya la pili, la pili ndani ya la tatu. Moja la wenye msitu, moja la watu wa nyaya za umeme, moja la mfugaji mwenye haki ya kulisha ng'ombe huko juu. Fungua lolote, mnyororo wote unaachia. Hivyo watu wasioaminiana hata kidogo wanatumia geti moja, kila mmoja na ufunguo wake, bila kikao wala katibu. Ila wakati wa kufunga uyarudishe yote kwa mpangilio. Ukiliruka moja, jirani yako umemfungia nje, naye atakujua. Shemeji alivuta kila kufuli kwa zamu, kwa heshima, kisha akasema Kasumbalesa hawana hiki kitu, wangekuwa nacho foleni ingeisha. Sikumwelewa, lakini nilikubali.

Simu haikuwa na mtandao. Mafuta nusu tangi, maji chupa moja, chakula kilichobaki ni sambusa ambayo kila mmoja wetu alimwachia mwenzake kwa ustaarabu hadi mbwa wa yule bibi walipokuja kuila.

Kwa maana mwenye kufuli la ng'ombe alikuwa yeye. Alituuliza tarehe, tukamtajia. Akauliza geti hufungwa lini, shemeji akasoma jedwali kwa sauti ile ile ya jana. Bibi akakaa kimya kidogo, akachukua ramani, akaweka kidole chenye ukucha mweusi wa grisi juu ya 09. "Huu ni mwezi," akasema taratibu, na kuuhesabu kwa vidole, Januari, Februari, Machi, mpaka akafika. Kisha akafungua kufuli lake, akatupitisha, akalirudisha, akalitikisa mara mbili kuhakikisha. Shemeji aliinamia dashibodi mpaka mjini.

Nimeuliza baadaye kwa nini Septemba, wakati barabara imekauka na jua bado kali. Jibu ni elki, kulungu wakubwa ambao dume lao huweza kuvuka kilo 300. Msimu wa kuwinda unapokolea, wenye magari wangeweza kuwafuata hadi kila kona, basi barabara hufungwa ili mwindaji atumie miguu yake na mnyama apate pa kujificha. Huko Starkey, mashariki mwa Oregon, kuna msitu wa utafiti wenye eneo la kilomita za mraba kama 100 lililozungushiwa uzio mrefu, na tangu 1989 wanyama wamevishwa mikanda ya kufuatiliwa huku magari yakihesabiwa barabarani. Elki hujisogeza mbali na barabara zenye magari. Hawasubiri kumwona mtu.

Na kwa nini isifunguliwe mpaka Julai? Hapo ni tope, na tope la kule lina elimu yake. Majira ya kuchipua, udongo wa juu unayeyuka huku wa chini ukiwa bado barafu. Maji hayana pa kwenda, barabara inakuwa uji. Gari moja likipita linaacha mifereji, mvua inafuata mifereji, na mchanga wote unaishia mtoni, ambako samoni wametaga kwenye changarawe. Mchanga mwembamba unaziba nafasi kati ya mawe, maji yenye oksijeni hayapiti, mayai yanakufa. Wenye msitu hawakubahatisha hilo. Milima ya Idaho ya kati ni matale yanayomomonyoka kuwa mchanga, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960 dhoruba ziliporomosha barabara za magogo kwenye mkono wa kusini wa mto Salmon, zikafukia mazalia ya samaki kiasi kwamba mwaka 1965 ukataji miti ukasimamishwa huko. Kwa hiyo mwezi wa tano silalamiki. Samaki wana haki yao.

Ninacholalamikia ni mkono uliofunga bila kuchungulia, ingawa najua kuacha geti wazi nako si salama. Mwaka 2006, James Kim, mhariri wa habari za teknolojia kutoka San Francisco, alipotea na familia yake katika milima ya kusini magharibi mwa Oregon, wakaingia barabara ya magogo ambayo geti lake lilipaswa kufungwa kwa majira ya baridi. Lilikuwa wazi. Kwanza ilisemwa wahuni wamekata kufuli. Baadaye ikajulikana kwamba liliachwa wazi kwa kuhofia kuwafungia wawindaji ndani. Mkewe na watoto wao wawili waliokolewa Desemba 4. Yeye, aliyekuwa ametoka kwa miguu kutafuta msaada, alipatikana Desemba 6 akiwa amekufa. Kwa hiyo wapo waliowaza juu ya mtu aliye ndani, wakaliacha geti wazi, na hilo nalo likaua. Wa kwetu hakuwaza lolote; alikuja na ufunguo, tarehe ikatimia, akaondoka, na sisi tuko juu tunakoroma.

Yaliyonipata kwenye mageti mengine ni madogo. Kuna lililokuwa wazi na theluji imejaa nyuma yake, nilirudi kinyumenyume. Kuna nililoegesha mbele yake, nikapewa faini kwa kuziba njia iliyofungwa.

Wewe unayekwenda, andika tarehe kwa jina la mwezi kabla hujawasha gari, beba msumeno, maji na blanketi, mwambie mtu wa nyumbani utarudi saa ngapi. Na ninyi wenye funguo, sisi hatutaki kijana kwenye benchi, tunajua msitu ni mkubwa na ninyi ni wachache. Tunaomba jambo moja tu: mkifika getini, pigeni honi ndefu, msubiri dakika kumi, ndipo mfunge.