Ndege Tano za Vita Zilizoshindwa na Anga Letu

Vijana wa Kitale na Bungoma wakianza ubishi wa ndege za kivita zilizobuniwa zikaishia njiani, mara moja wanakimbilia Ujerumani na Marekani. Ngojeni kwanza! Vita vya Kwanza vya Dunia vilileta majaribio hayo hapahapa Afrika Mashariki. Huko Ulaya baadhi ya ndege hizi zilikuwa za kawaida, lakini kwetu kila moja ilikuwa bahati nasibu. Nahesabu kurudi nyuma, na anayebisha aje na hoja.

5. Ndege ya Bruno Büchner
Huyu Mjerumani alikuwa mwendesha baiskeli za mashindano kabla ya kuwa rubani. Mwaka 1914 alifika Dar es Salaam na ndege yake kwa maonyesho ya Agosti. Vita vikalipuka, maonyesho yakafutwa, ndege ikaandikwa jeshini. Haikukawia kuanguka. Alikuja kuonyesha watu namna ya kuruka, wakaona na namna ya kutua vibaya!

4. Curtiss ya Dennis Cutler
Hii naipenda sana. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye mikono ya mto Rufiji, na Waingereza wakamkodi Cutler, rubani raia kutoka Durban, aitafute kwa ndege ya kutua majini. Rejeta ikaharibika. Dawa ikatoka Mombasa: rejeta ya gari la Ford! Mafundi wa jua kali, huyu ni ndugu yenu kabisa. Na kwa rejeta hiyo Novemba 1914 Cutler aliiona Königsberg. Desemba akashuka mtoni na kutekwa.

3. Sopwith mbili
Nazo zilitumwa kuiwinda Königsberg, zikafika kisiwa cha Niororo Februari 1915. Joto likayeyusha gundi, propela zikaachana, na ndege zikakataa kabisa kupaa na mabomu. Kiwanda kilikuwa Uingereza, jua lilikuwa letu. Tuendelee.

2. Henri Farman ya John Cull
Tarehe 11 Julai 1915 Cull aliruka kutoka kisiwa cha Mafia, mwenzake Harwood Arnold akituma ishara kwa redio ili mizinga ya meli za Kiingereza, Severn na Mersey, irekebishe shabaha. Königsberg ikapigwa hadi ikaangamia. Ndege nayo ilipigwa injini, lakini Arnold aliendelea kutuma ishara huku wakishuka, hadi wakatumbukia mtoni wakiwa hai. Wanaume hao! Mbona basi nimewapa nafasi ya pili? Kwa sababu Wajerumani waliopoa mizinga 10 ya Königsberg wakaendelea kupigana nayo nchi kavu. Ikavutwa na nani? Watu wetu wa Afrika Mashariki, kwa kamba na mabega.

1. Zeppelin L59
Hapa ndipo akili ilipozidi kipimo. Meli ya anga yenye urefu wa mita 226: unganisha viwanja viwili vya mpira, bado itakuzidi. Ilipaa Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, na watu 22 na shehena ya tani 15 hivi za risasi, dawa na bandeji kwa Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu. Kwa kuwa huku hakukuwa na haidrojeni ya kuijaza tena, iliundwa isirudi: ikifika ichinjwe, kitambaa kigeuzwe mahema, injini zitoe umeme. Mwenzake, L57, ilikuwa imeshaungua Oktoba kabla hata ya kuanza safari.

Ilifika karibu na Khartoum, ikaitwa kwa redio irudi. Saa 95 angani, kilomita zaidi ya 6,700, na haikushusha hata sanduku moja!

Sasa piga hesabu. Tani 15 ni mizigo ya wapagazi 600, kila mmoja kilo 25. Bungoma wakati huo ilikuwa Kavirondo Kaskazini, mkoa wa Nyanza, ambako John Ainsworth alikusanya maelfu kwa ajili ya Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi waliokufa katika vita hivyo walipita 40,000. Hao ndio waliosafirisha vita, kila upande, na hakuna jina la ndege linalostahili kuwekwa juu yao.

L59 ilitua Jamboli tarehe 25 Novemba. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, mizigo yake yote ikiwa vichwani mwa watu.